Kibanda cha baiskeli Malindi kinachoihudumia ekseli ya pedali ipasavyo

Mwenye Raleigh kuukuu hapa Malindi anaujua mlio ule wa kukwaruza chini ya fremu kila pedali inapokanyagwa. Mafundi wengi humimina oili chakavu kwenye tundu la mafuta, nayo hunyamazisha mlio kwa muda huku ikiosha grisi iliyobaki na kuusukuma mchanga ndani zaidi. Kibanda kimoja karibu na soko hufungua kila kitu, na ndiyo maana ninakipendekeza.

Kazi ngumu ni kuzitoa pini zinazoshika mikono ya pedali, kwani zimeshindiliwa kama kabari na hewa ya chumvi huzigandisha kwa kutu. Fundi huyu huzitia mafuta mepesi, huiacha baiskeli ilale, kisha huutegemeza mkono wa pedali juu ya kipande cha bomba kilichosimama sakafuni, ili kishindo cha nyundo kiishie chini kisije kikatoboa vijishimo katika vikombe, yaani vibakuli vya chuma ambamo gololi za ekseli huzunguka. Kikombe cha kushoto hukifungua baada ya kulegeza ringi yake. Cha kulia, ambacho katika Raleigh hufunguka kwa kuzungushwa kinyume na mazoea, hukisafisha kikiwa mahali pake, na naona ni busara.

Gololi humwagwa kwenye sinia, 11 za robo inchi kila upande, na zote hubadilishwa hata ikiwa iliyoharibika ni moja, kwa sababu mpya ikiwekwa kati ya zilizolika hubeba mzigo peke yake. Ekseli huoshwa kwa mafuta ya taa na kukaguliwa juani. Ukucha ukikwama kwenye njia ya gololi, haifai tena.

Upungufu upo kwenye vipuri. Raleigh zilizoundwa Nottingham, Uingereza, zilitumia nyuzi za skrubu 26 kwa inchi, ilhali vikombe vya kawaida vina 24, na anayevilazimisha huua fremu. Fundi hakubali kufanya hivyo, bali hutafuta vikombe katika fremu zilizokwisha kazi, jambo linaloweza kumchelewesha mteja sana. Aidha, hakuniambia kwamba nati za pini hukazwa upya baada ya mwendo mfupi wa kwanza, na mteja asiyejua atarudi na mkono unaocheza.

Malipo ya kazi hupatanwa kabla ya kufungua. Gololi, pini na grisi huhesabiwa kando.