Makumbusho ya Fukagawa Edo: mtaa wa makabwela ndani ya jengo moja la Tokyo

Mgeni anayetaka kuijua Japani ya kale kwa kawaida hupelekwa kwenye ngome za mabwana na kwenye mahekalu, akaonyeshwa panga, mavazi ya vita na sanamu, na akitoka huko bado hajui muuza kombe wa enzi hiyo alilala wapi, alipikia nini, wala maji ya kunywa aliyapata kwa nani. Makumbusho ya Fukagawa Edo, yaliyofunguliwa mwaka 1986 katika wilaya ya Koto, ng'ambo ya mashariki ya mto Sumida, yamejengwa kwa ajili ya maswali hayo. Kwa maoni yangu yanayajibu vizuri kuliko Makumbusho ya Edo-Tokyo yaliyoko Ryogoku, ambayo ni makubwa mara nyingi zaidi, kwa sababu hapa mgeni huvua viatu, akaingia ndani ya nyumba, akakaa kwenye mkeka na kushika vyombo kwa mikono yake.

Kilichojengwa humo ni kipande cha mtaa wa Saga kama ulivyokuwa mnamo mwaka 1840 hivi, wakati Tokyo bado ikiitwa Edo, na nyumba zote ni za ukubwa halisi. Ziara huanzia juu, usawa wa mapaa, ambako paka wa bandia hulia mara kwa mara, kisha mtu huteremka ngazi hadi barabarani. Taa za ukumbini hubadilika polepole ili siku nzima ipite kwa muda mfupi, jogoo akiwika alfajiri na giza likitanda jioni. Nilidhani mambo haya ya taa na sauti yangekuwa mzaha wa kuwafurahisha watoto, lakini giza lilipoingia nikaona jinsi taa ya mafuta iliyozungushiwa karatasi inavyoangaza kidogo, na nikaelewa kwa nini makabwela wa Edo walilala mapema.

Barabara kuu ina duka la mboga, ghala la mfanyabiashara wa mafuta na mbolea, na duka la mchele, ambalo ndilo lililonishika zaidi. Humo mna kinu kilichofukiwa ardhini, na mchi wake huinuliwa kwa kukanyaga ubao kwa mguu, kazi ya kutwa nzima. Mchele uliokobolewa hadi ukawa mweupe ulikuwa fahari ya watu wa Edo, lakini uliwaletea beriberi, maradhi ya kukosa vitamini ambayo wakati huo yalihusishwa na jiji hilo lenyewe, kwa kuwa waliotoka shamba waliugua wakiwa mjini na kupona waliporudi kwao kula nafaka zisizokobolewa sana. Yeyote anayejua tofauti ya sembe na dona hatahitaji maelezo marefu kuhusu kilichobaki katika pumba.

Nyuma ya maduka kuna kichochoro cha nyumba za kupanga, na hapa ndipo inafaa kutumia muda mwingi. Chumba kimoja kina upana wa mita 2.7 na urefu wa mita 3.6 hivi, pamoja na sehemu ya sakafu ya udongo yenye jiko na mtungi wa maji, na ukuta unaokitenga na cha jirani ni mwembamba kiasi kwamba ugomvi wa mke na mume haukuwa siri ya mtu. Kila chumba kimepangwa kulingana na kazi ya mpangaji wake: kwa nahodha wa mashua, kwa mwalimu wa shamisen, ala ya muziki yenye nyuzi tatu, kwa mchuuzi wa kombe ambaye mzega na vikapu vyake viko tayari. Vitu ni vichache mno, na mzee wa kujitolea aliyetuongoza alitueleza sababu yake kwa kutuonyesha mnara wa kuangalia moto. Moto wa mwaka 1657 uliteketeza sehemu kubwa ya jiji, na mingine mingi ikafuata. Wazimamoto walitegemea zaidi kubomoa nyumba zilizo mbele ya moto kuliko kumwaga maji, kwa hiyo mpangaji mwenye busara hakulimbikiza mali, na hata matandiko na vyungu viliweza kukodiwa.

Mwisho wa kichochoro kuna kisima, jaa na choo, ambacho mlango wake hufunika nusu ya chini tu. Fukagawa, eneo ulimokuwa mtaa huu, ilijengwa juu ya ardhi iliyofukiwa, hivyo maji ya visima yalikuwa na chumvi na yalifaa kufulia. Ya kunywa yaliletwa kwa mashua na kuuzwa nyumba kwa nyumba. Choo nacho kilikuwa biashara, kwani wakulima walinunua kinyesi kwa ajili ya mbolea na fedha zikamwendea msimamizi wa nyumba, jambo lililowachekesha sana vijana tuliokuwa nao.

Kasoro ninayoiona ni usafi. Mtaa uliouza mbolea ya dagaa wakavu, wenye mfereji, jaa na choo cha pamoja, haungeweza kuwa bila harufu na bila tope, na mgeni asiyekuwa mwangalifu anaweza kutoka akiamini kwamba umaskini wa Edo ulikuwa nadhifu na wa kupendeza. Maelezo ya maandishi ndani ya mtaa nayo ni machache. Ni vyema basi kumtafuta mwongozaji wa kujitolea, ambao baadhi yao huzungumza Kiingereza, badala ya kuzunguka peke yako kwa robo saa na kudai umemaliza.

Kiingilio ni yeni 400 kwa mtu mzima na yeni 50 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi, na kituo cha treni cha Kiyosumi-Shirakawa kiko mwendo wa dakika chache. Wapenzi wa sumo, mieleka ya Kijapani, watakuta pia kona ya Taiho, bingwa wa mashindano makuu 32, ingawa haihusiani na mtaa wenyewe. Migahawa ya jirani hupika wali wa kombe, chakula cha wavuvi wa Fukagawa, na ningeshauri ule baada ya ziara, si kabla, kwa kuwa utakuwa umeshaona vikapu vya aliyekuwa akiwauza.