Supachaja ya Mustang hapa Hamburg: uzoefu wangu, na ile "shauri yako" niliyoambiwa kaunta

Aisee hili jambo nimekaa nalo rohoni muda mrefu, mke wangu kaniambia andika uyatoe utaugua, basi naandika. Kama uko Ujerumani na una Mustang au gari lolote la Kimarekani lenye V8, yaani enjini ya silinda nane, na unataka kuliongeza nguvu kwa supachaja, ile mashine inayosukumia enjini hewa nyingi kwa nguvu, soma hii kabla hujampa mtu hata senti. Jina la gereji sitalitaja.

Mi nina Mustang GT ya 2016, ile ya enjini ya lita 5.0, nimeinunua kwa jasho la zamu za usiku bandarini, miaka saba nabana hela. Nimekulia Tanga, mzee wangu alikuwa fundi wa malori, harufu ya oili naijua kabla sijajua kusoma. Kwa hiyo msije mkadhani ni mtu wa kuona video mbili akachanganyikiwa. Gari lenyewe sina neno nalo, nalipenda hadi leo. Huku Ulaya lilianza kuuzwa rasmi 2015, zamani hapa Ujerumani hata jina la Mustang halikutumika, likauzwa kama T-5 kwa sababu jina lilikuwa la kampuni ya Krupp tayari, likatumika kwenye malori. Yaani tangu enzi hizo gari hili likifika huku linakutana na karatasi kwanza. Na karatasi ndo iliyoniua mimi.

Ilikuwa kiangazi, si hiki kilichopita, kile cha nyuma yake. Nikaenda gereji moja inayosifiwa sana kwa magari ya Kimarekani, picha nzuri, bendera ukutani, kila kitu. Kwanza nilitaka kitu kidogo tu, boksi la kuvutia hewa, ekzosi yenye alama ya E kwenye duara maana hiyo ikiwa imeidhinishwa kwa gari lako haikusumbui, na programu mpya ya kompyuta ya enjini. Jamaa wa kaunta akaniambia hiyo ni kupoteza hela, ongeza kidogo weka supachaja umalize. Hiyo "kidogo" ilikuwa inafikisha 12,000 yuro na ushee. Na mimi nikaingia, kwa sababu moyo ulikuwa unataka, siwezi kusema nililazimishwa.

Nilimuuliza maswali matatu. La kwanza, gia za pampu ya oili. Anayeijua hii enjini ya Mustang yangu, inaitwa Coyote, anajua, zile gia za ndani ya pampu na ile ya mbele ya krenki zimetengenezwa kwa chuma cha unga kilichokandamizwa, gari likiwa kama lilivyotoka kiwandani zinavumilia, ila ukiweka supachaja ukawa unaipandisha hadi juu kabisa zinaweza kupasuka, na zikipasuka oili haizunguki, enjini imekwenda. Wengi wanazibadilisha kabisa mapema. Akasema hakuna haja, hiyo ni hofu ya Wamarekani.

La pili, mafuta. Akaniambia programu imeandikwa Marekani kwa petroli ya oktani 93, yaani kipimo cha petroli kuvumilia kubanwa bila kulipuka mapema, na hapa hata ya bei rahisi kabisa ni 95, kwa hiyo niko juu tayari. Nikaitikia! Mtu mzima nikaitikia, kumbe ni uongo wa mchana kweupe. Ile 93 ya kwenye pampu za Marekani ni wastani wa vipimo viwili vya oktani, huku wanaandika kile kimoja kikubwa tu. 93 yao ni kama 98 yetu hapa. Ukiweka 95 kwenye programu ya 93 yao umeweka mafuta ya chini, na kwenye enjini inayosukumiwa hewa kwa nguvu mafuta ya chini yanagonga, mlipuko unatokea kabla ya wakati wake, pistoni zinapata kipigo. Huyu mtu anauza supachaja na hilo halijui. Au analijua na hakujali, sijui kipi kibaya zaidi.

La tatu ndo karatasi. Hapa ukibadilisha kitu kinachogusa nguvu, moshi au kelele, kibali cha gari kinaweza kufa palepale, na bima nayo inapata pa kukushikia. Kwa utaratibu wa wakati ule kifaa kilitakiwa kije na ripoti yake, wenyewe waliiita Teilegutachten, unaenda nayo ukaguzi wanaangalia kama kimefungwa sawa, wanaandika, yamekwisha. Kama haina, ni Einzelabnahme, gari lako peke yake linachunguzwa upya, na kwa nguvu nyingi hivi wanataka na kipimo cha moshi cha maabara, hela ndefu. Nikamuuliza supachaja hii ina ripoti? Akajibu bila kuniangalia, anakoroga kahawa, karatasi zinakuja kwa posta ndani ya wiki mbili. Nikaamini. Na gari wakanipa niondoke nalo.

Sasa sikia siku yenyewe. Tunaenda Kassel kwenye harusi, mimi na shemeji yangu, kaka yake mke wangu, kavaa suti, keki iko siti ya nyuma imefungwa mkanda. A7 kutoka Hamburg ni ndefu na kuna sehemu hazina kikomo cha spidi, nikaipeleka 200 na kitu kwa muda mrefu tu, na aisee, acha niwe mkweli, ile sauti! Ile supachaja ikianza kulia mbele yako kama filimbi nyembamba halafu V8 inaunguruma chini yake, unasikia kifuani. Shemeji alikuwa anacheka tu mwenyewe. Hiyo raha sijawahi kuipata kwenye kitu kingine chochote nilichonunua kwa hela yangu.

Tukapita Göttingen, vikaanza vile vilima vya Kassel. Anayeendesha njia hiyo anavijua, malori yanapanda kama konokono mkono wa kulia. Nimefunga geji ndogo ya joto la hewa inayoingia kwenye enjini, kawaida inacheza 45, 50. Nikaiona 62. Nikasema mlima huu. Ikawa 74. Nikatoka kulipita lori, nikakanyaga mafuta, 83, halafu gari likafa nguvu katikati ya kupita. Si kuzima, inawaka, ila unakanyaga hadi chini hakuna kitu, na kwenye dashibodi ikawaka ile taa ya spana ya njano.

"Shem, mbona imekufa?"

"Kaa kimya kidogo shem, niombee."

Nyuma yangu kuna gari inaniwashia taa, kulia lori refu halina mwisho, mimi niko kati napanda kama baiskeli. Yule dereva wa lori Mungu ambariki, alinielewa akaachia mwendo nikaingia mbele yake, nikatoka pembeni, tukavaa vile vizibao vya njano juu ya suti, nikaenda kuweka pembetatu mikono inatetemeka. Nina watoto wawili. Shemeji ana watatu.

Akaja fundi wa ADAC, chama cha wenye magari, wale wanaoitwa malaika wa njano, na yule alikuwa malaika kweli. Akafungua boneti, akaangaza tochi kama dakika tatu, akaniita. Ile supachaja ina maji yake peke yake ya kupoza hewa, yana rejeta yake mbele na pampu yake ndogo ya umeme. Hewa ikibanwa inapata moto, bila hayo maji kuzunguka kompyuta inaona joto limezidi inarudisha nyuma moto wa plagi, ikizidi tena inakata nguvu kuokoa enjini. Akanionyesha soketi ya ile pampu. Kile kidole cha plastiki kinachobana kilikuwa kimevunjika, na aliyeifunga badala ya kuweka soketi mpya aliizungushia zipu tai, ule mkanda mwembamba wa plastiki wa kufungia nyaya. Zipu tai nyeusi, ncha yake hata haikukatwa. Ikalegea kwa mtikisiko, pampu ikakosa umeme, maji yakasimama. Basi. Kitu cha yuro chache, kwenye kazi ya 12,000.

Nikarudi gereji wiki hiyohiyo. Nimejipanga kabisa, naongea kwa heshima, namwita kwa Sie kama inavotakiwa kwa mtu usiyemzoea. Yeye ananipiga "du", ile ya watu waliozoeana. Mteja aliyekuwa mbele yangu alimwita Sie, mimi nikafika ikawa du, mtu sijawahi kunywa naye hata maji. Nikamwekea ile soketi kaunta. Akaitazama akasema hiyo imevunjika kwa spidi yangu. Nikamwambia plastiki inavunjika kwa spidi halafu inajifunga zipu tai yenyewe? Kimya. Nikauliza karatasi ziko wapi, wiki mbili imekuwa miezi. Akaniangalia sasa kwa mara ya kwanza, akasema mambo ya karatasi ni tatizo lako. Kwa Kiswahili chetu kabisa, shauri yako. Akarudi kwenye kompyuta yake kama sipo.

Nimefanya kazi na watu wa kila aina bandarini, nimetukanwa kwa lugha nyingi, lakini hii imeniuma kuliko zote. Ningekufa pale kilimani, wangesema ni spidi yangu.

Nikaenda mwenyewe kwenye kituo cha ukaguzi, kumwuliza tu mkaguzi nifanyeje. Mzee wa watu, miwani imeshuka puani. Akachukua Fahrzeugschein yangu, yaani karatasi ya usajili wa gari, akaweka kidole kwenye P.2, penye kilowati za enjini. "Hapa pameandikwa 310. Wewe umeniletea ngapi?" Nikashindwa kujibu. Akanieleza taratibu, bila kunidharau, kwamba nguvu ikizidi hivyo ataangalia breki, matairi, kelele, moshi, na bila ripoti hawezi kuandika kitu, na barabarani nisilitoe tena hivyo lilivyo. Huyo ndo aliyeniambia kwamba aliyeuza alipaswa kunionyesha ripoti yenye namba ya kifaa kabla sijalipa. Kabla, si baada. Dakika kumi bure za mzee yule zimenifaa kuliko miezi yangu yote na wale.

Kwa hiyo ushauri wangu ungekuwa acheni kabisa supachaja Ujerumani, na hivo ndivo nilivyokuwa nimeandika mwanzo, nikafuta. Kwa sababu gari leo linatembea. Nimempata fundi mwingine kijijini Niedersachsen, mtu wa maneno machache, kwanza alianza na karatasi, akaniuliza kifaa kina namba gani, akaandikia watengenezaji, akazungumza na mkaguzi wake kabla hajagusa spana. Kabadilisha gia za pampu ya oili, kaweka rejeta kubwa zaidi ya yale maji, breki kubwa mbele, programu imeandikwa upya kwa 98. Kaipima akiwa ameiacha kwenye mzigo muda mrefu, akasema huku si Marekani, kule mtu anataka nguvu ya sekunde kumi na mbili kwenye mstari ulionyooka, huku unataka nguvu ya nusu saa. Imeandikwa yote, kihalali. Imenigharimu tena hela ambayo nilikuwa naweka ya kiwanja Tanga, sitaki hata kuitaja kiasi. Juzi nimepanda vile vilima tena na joto halikuvuka 55.

Ningeulizwa sa hivi, ningesema kifaa chenyewe nyota tano. Kweli kabisa. Kama hela yako haifiki kufanya yote, weka hewa, ekzosi yenye alama na programu, rejeta nzuri, breki nzuri, utafurahi sana, na mwenzangu mmoja yuko hivo na hana deni la mtu. Wale wa kwanza nilitaka kuwapa nyota mbili, maana kuchomelea mabomba yao ya oili walichomelea vizuri, hata yule fundi wa kijijini kasema. Halafu nakumbuka anavyokoroga ile kahawa. Moja. Na ingekuwepo sifuri ningeweka sifuri.

Wamenitumia barua eti wanarudisha 300. Naidai 1,400 ya kazi waliyoifunga kwa zipu tai, na hiyo ni kazi tu, sijagusa mengine. Miadi ni Alhamisi, shemeji kasema anakuja na mimi. Soketi iko kwenye droo ya gari, kwenye mfuko wa nailoni, na zipu tai yake bado imo.