Mbegu za uyoga nilizonunua Bukavu: chupa 4, mifuko 12

Nilinunua chupa 4 za mbegu za uyoga, dola 3 kila moja, kwa muuzaji mmoja wa upande wa Ibanda. Jina lake naliacha, maana nina la kumsifu na la kumlaumu.

Mbegu yenyewe ni punje za mtama zilizovikwa utando mweupe kama pamba. Chupa tatu zilikuwa safi kabisa. Ya nne ilikuwa na maji ya njano chini na harufu ya pombe iliyochacha. Nilimrudishia, akaibadilisha bila maneno mengi.

Lawama yangu ni maelezo yake. Alisema, "Siku 15, mama, unakula." Siku ya 15 mifuko yangu 12, niliyojaza majani makavu na mbegu hiyo, ndiyo kwanza ilikuwa inageuka nyeupe! Bukavu ina baridi, hasa usiku. Nilichuma mara ya kwanza siku ya 34. Na kuhusu maji hakusema kitu. Nilichemsha majani makavu ya maharagi kwenye pipa saa mbili nzima (nusu gunia ya makala ilikwenda, gharama ambayo hakuna anayekutajia), nikayajaza mifukoni yakiwa bado yanachuruzika. Mifuko minne ikaota ukungu wa kijani, nikaitupa mbali na nyumba. Baadaye jirani alinionyesha: jaza konzi, kamua kwa nguvu. Yakitoka matone mawili matatu, sawa. Yakitiririka, subiri.

Ile minane iliyobaki ilinifurahisha. Asubuhi moja nikakuta kwenye tundu la mfuko vichwa kama vya njiti za kiberiti; siku ya nne vimeshakuwa vipana kama kiganja. Nilichuma mara tatu, jumla kilo 9 na kidogo. Chuma kabla kingo hazijajikunja juu, la sivyo unga wake unajaa chumbani na wewe unabaki kukohoa.

Kuuza sokoni Kadutu ndiko kulikonitoa jasho. Wamama wanainama juu ya beseni: "Huu umetoka wapi, porini?" Wanaogopa sumu, na wana haki. Siku ya pili nilibeba mfuko mzima, uyoga ukiwa bado umeshikilia, nikauweka kando ya beseni. Kabla ya saa sita nilikuwa nimemaliza, isipokuwa fungu moja nililolificha kwa ajili ya mawese na fufu ya jioni.

Nitarudi kwa muuzaji yuleyule. Ila safari hii nafungua kila chupa na kuinusa kabla sijatoa hela.