Blackmagic Camera: Programu Inayomwachia Mpiga Video Maamuzi Yote

Simu janja nyingi za leo zina kamera nzuri kuliko programu zinazoziendesha. Mtu anapobonyeza kitufe chekundu, simu humkadiria mwanga, rangi na umbali, kisha huendelea kuyabadilisha makadirio hayo katikati ya rekodi, hata uso uliokuwa ukionekana vizuri ukaingia giza kwa sababu tu mtu mwenye shati jeupe amepita nyuma. Blackmagic Camera, iliyotolewa kwa ajili ya iPhone mnamo Septemba 2023 na kufikia baadhi ya simu za Android mwaka 2024, imeundwa ili kuikomesha tabia hiyo. Haitozi chochote, jambo lililonitia shaka mwanzoni. Hata hivyo, Blackmagic Design ni kampuni ya Australia inayouza kamera za sinema na mitambo ya studio, na bila shaka inatarajia kwamba aliyezoea vitufe vyake kwenye simu atakumbuka jina lake siku atakapotaka kamera kubwa.

Kinachoipa programu hii thamani ni udhibiti wa shata, yaani muda ambao kamera huruhusu mwanga kuingia kwa kila fremu (picha moja ya video). Kwa video ya fremu 25 kwa sekunde, shata huwekwa 1/50 ya sekunde, yaani kila fremu hupokea mwanga kwa nusu ya muda wake, na mkono unaopunga huacha ukungu mwepesi ambao jicho huukubali kuwa ni mwendo wa kawaida. Simu ikiachwa ijiamulie penye jua kali, inaweza kuruka hadi 1/1000 au zaidi, na mwendo ukaonekana wa kukatika-katika. Udhibiti huohuo ndio unaoondoa michirizi inayotambaa kwenye video zilizorekodiwa chini ya taa: penye umeme wa hezi 50 taa nyingi hufifia na kung'aa mara 100 kwa sekunde, hivyo shata ya 1/50 au 1/100 huipa kila fremu kiasi kilekile cha mwanga, ilhali umeme wa hezi 60 unadai 1/60 au 1/120. Ugumu unakuja nje, mchana. Tundu la lenzi za simu nyingi halibadiliki ukubwa, kwa hiyo anayeing'ang'ania 1/50 juani atapata picha iliyoungua hata akiishusha ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) hadi mwisho, na hapo dawa ni kichujio cheusi kinachovalishwa lenzi mfano wa miwani ya jua.

Vipimo vya kwenye skrini vimepangwa kwa busara. Mistari ya pundamilia hutokea juu ya sehemu zilizozidiwa na mwanga, na kingo za kitu kilicho kwenye fokasi hupakwa rangi, msaada mkubwa kwa mtu anayeitazama skrini ndogo. Uwiano wa weupe, yaani mpangilio unaofanya kitu cheupe kionekane cheupe chini ya mwanga uliopo, unaweza kufungwa usiyumbe. Siku moja niliufunga nikiwa ndani, penye taa za manjano, kisha nikatoka nje na kurekodi mahojiano mazima bila kuufungua. Kila uso ulitoka wa samawati. Kosa lilikuwa langu, lakini linaeleza vizuri programu hii inamtaka mtu wa namna gani.

Katika kuchagua kodeki, yaani namna ya kubana video ili ihifadhiwe, ninashauri uangalifu. Kwa makadirio ya Apple yenyewe, dakika moja ya 4K kwa fremu 30 hula takriban megabaiti 170 katika mfumo wa H.265, na takriban gigabaiti 6 katika ProRes, kodeki ya Apple inayobana kidogo tu. Tofauti hiyo si ndogo hata kidogo. ProRes huvumilia zaidi urekebishaji wa rangi na huipunguzia kompyuta kazi ya kuifungua kila fremu, lakini bila diski ya nje, ambayo iPhone 15 Pro na simu za Pro zilizofuata zinaweza kurekodi moja kwa moja ndani yake, simu itajaa kabla mzungumzaji hajamaliza utangulizi. Kwa kazi nyingi H.265 inatosha.

Uhariri hufanyika kwingine, na mahali panapofaa zaidi ni DaVinci Resolve ya kampuni hiyohiyo, ambayo toleo lake la bure linatosheleza mahitaji ya wengi na lina zana za rangi zinazotumika katika filamu. Aliyerekodi kwa Log, namna ya kurekodi inayofifisha rangi makusudi ili zirekebishwe baadaye, ataona picha iliyopauka kama nguo iliyoanikwa juani mwaka mzima, na asifadhaike: upaukaji huo umehifadhi undani wa vivuli na wa mawingu, unaosubiri kurudishiwa rangi. Hata hivyo Resolve ni nzito, na kompyuta dhaifu itakwama-kwama. Mwenye haraka ya kukata klipu mbili na kuweka maandishi atumie programu nyepesi ya simu.

Sauti nitaipitia kwa ufupi: mita zipo, na maikrofoni ya nje inatambuliwa, lakini hakuna kitufe kitakachoyanyamazisha mawimbi ya upepo.

Kwa mahojiano, mafunzo na filamu fupi ambapo mtu ana dakika tano za kujiandaa, naipa programu hii alama za juu. Kwa mtoto anayepiga hatua zake za kwanza sebuleni, fungua kamera ya kawaida ya simu, maana mtoto hatasubiri upange shata.