Nilivyobadilisha ringi ya flaiwili ya Massey Ferguson 135 kwa mzee wa Gerezani

Trekta letu ni Massey Ferguson 135 la mwaka 1971. Aliliacha marehemu baba, na sasa linalima mashamba ya watu huku Kimbiji na kuvuta tela la maji kiangazi kikikaza. Mwaka huu likaanza kisirani. Ukiwasha, stata inazunguka tupu na kukwaruza kama bati linaloburutwa kwenye zege, kisha kimya. Mara ya tatu au ya nne linaweza kukubali, au likagoma kabisa. Kigamboni hatuna milima, kwa hiyo dereva wetu alimwaga kifusi karibu na geti, jioni akawa analipandisha trekta juu yake ili asubuhi aliteremshe na kuliwashia gia. Majirani wakasema tumejenga bandari ya nchi kavu.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Fundi wa jirani alifungua stata, akachungulia tunduni, akaona meno ya flaiwili, lile gurudumu zito la chuma nyuma ya injini, yamelika. Meno hayo yako kwenye ringi, pete ya chuma iliyovishwa ukingoni mwake, na ndiyo stata huyashika ili kuizungusha injini. Akaniambia atayajaza kwa kuchomelea palepale, bila kupasua trekta, kwa elfu themanini. Nikakubali upesi, maana kupasua trekta ni neno la kutisha. Yale meno yalidumu wiki tatu. Moja likakatika na kuharibu bendeksi, ile gia ndogo ya stata inayoshika meno, ambayo nayo ilikuwa mpya. Meno ya ringi yamekomazwa kwa moto kiwandani. Ukiyachomelea unaharibu ukomavu ule, na hata uwe na mkono mwepesi namna gani, huwezi kulichonga jino kwa grenda katika giza la tundu la stata likarudia umbo lake.

Ndipo nikaelekezwa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam mjini, kwa mzee mmoja mwenye kibanda cha flaiwili na breki. Nilimkuta anakunywa kahawa. Nikamweleza, akaniuliza swali moja tu: "Ukilitikisa trekta likiwa kwenye gia, halafu ukawasha, linashika?" Nikamwambia ndiyo, dereva hufanya hivyo kila siku. Akasema, "Basi stata yako nzima, mwanangu. Ringi ndiyo imekwisha. Leta flaiwili."

Kuleta flaiwili ndiyo shughuli yenyewe. Trekta hili halina chesi kama ya lori. Injini na gia boksi ndiyo mifupa yake, vimefungwa kimoja nyuma ya kingine, na flaiwili imejificha katikati. Mzee alituma vijana wawili Kimbiji. Waligongelea kabari za mbao juu ya ekseli ya mbele, kushoto na kulia, injini isije ikalala upande. Wakaiegemeza kwa magogo ya mnazi, wakafungua mikono ya usukani, nyaya na bomba la dizeli, kisha wakalisukuma nusu la nyuma likiwa juu ya jeki ya magurudumu. Mchanga wa kwetu haufai kwa jeki hiyo, ikabidi tutandike mbao. Kutoka saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni flaiwili ilikuwa chini. Vijana wale ni wazuri. Bolti waliziweka kwenye makopo tofauti, na kabla ya kung'oa flaiwili waliichora alama ili irudi ilivyokaa.

Tukaivusha kwa pantoni ndani ya bajaji. Nilipopita soko la samaki la Feri nikampigia mzee kumwuliza kama ninunue barafu ya kuipozea flaiwili, maana nilisikia chuma kikipoa kinasinyaa. Akacheka. "Barafu waachie wenye samaki. Ukinyunyizia maji kwangu utaniletea kutu."

Kibandani nilielewa kwa nini kulitikisa trekta kulikuwa kunasaidia. Meno yalikuwa yamelika sehemu tatu tu, zenye nafasi sawasawa kuzunguka ringi, na kwingine yalikuwa mazima kabisa. Injini yetu ni Perkins ya silinda 3. Ukiizima inazunguka kidogo, kisha pistoni inayopanda kubana hewa inaigomea, nayo inasimama hapo. Kwa kuwa silinda ni tatu, flaiwili husimama takribani palepale patatu, na stata hugonga meno yaleyale miaka nenda rudi. Ya silinda 4 hulika sehemu mbili. Mzee alinipa chaguo: kuivua ringi ya zamani kwa moto, kuizungusha nyuzi 60 ili meno mazima yakae pale injini inaposimama, nikaendelea kuitumia. Alisema wazi kwamba ni nafuu na inafanya kazi. Niliheshimu sana hilo, maana angeweza kunyamaza. Ila gharama kubwa ni kupasua trekta. Ringi yenyewe si kitu. Nikachagua mpya.

Hapo nikapoteza siku mbili na fedha. Nilikwenda Kariakoo na jina la trekta tu mdomoni, nikauziwa ringi "ya 135". Ilipofika kwa mzee, kipenyo cha ndani kilipishana na kiti chake, yaani ukingo wa flaiwili inapokaa ringi, na meno hayakuwa idadi ileile. Dukani walikataa kurudisha fedha, wakakubali kubadilisha kwa kitu kingine, nikaondoka na filta ambazo sikuzihitaji. Mara ya pili nilikwenda na idadi ya meno, kipenyo cha ndani na upana vimeandikwa kwenye karatasi, nikalipa laki na ishirini.

Ringi ya zamani aliitoboa kwa drili kati ya meno mawili, bila kugusa flaiwili, kisha pigo moja la patasi likaipasua kwa mlio kama risasi. Kiti chake akakisugua kwa brashi ya waya, halafu akapitisha kucha kuzunguka chote. Aliniambia punje moja ya kutu inatosha kuifanya ringi ikae kombo.

Mpya akaiweka juu ya matofali, akaing'arisha kwa msasa mahali padogo, akawasha gesi. Moto haukutulia sehemu moja hata kidogo, wala haukugusa meno, ulizunguka upande wa ndani polepole. Sasa hapo ndipo fundi anapojitenga na mbabaishaji. Ringi inatakiwa ifike kati ya nyuzi 200 na 250. Pungufu ya hapo haitanuki ya kutosha, zaidi sana meno yanalainika. Yeye hana kipimajoto. Alikuwa anatazama pale alipong'arisha pageuke rangi ya majani makavu, na kila mara anagusisha waya wa risasi ya mafundi redio, ile ya kuunganishia nyaya, ambayo huyeyuka karibu na nyuzi 190. Pangegeuka bluu, alisema, angeitupa. Kwa joto lile ringi ya ukubwa huu hutanuka robo tatu ya milimita hivi. Ni kidogo, lakini ndiyo yote unayohitaji.

Kabla ya kuinyanyua alinionyesha ncha za meno. Upande mmoja zimechongwa mshazari, na upande huo lazima utazame inakoingilia stata. Ukiiweka kinyume umepata ringi mpya yenye mkwaruzo wa zamani. Kisha koleo mbili, mzee upande huu na kijana upande ule, ikatua "tap", nyundo ya shaba ikapita kuzunguka, basi. Haikufika nusu dakika. Kijana akanyoosha mkono kwenye ndoo ya maji. Alichoambiwa sitakiandika. Ringi inaachwa ipoe yenyewe.

Sasa malalamiko. Aliniahidi Jumanne, akanipa Ijumaa, na simu yake ilipokelewa na kila mtu isipokuwa yeye. Vijana waliporudi Kimbiji kufunga hawakuwa na spana ya kupima nguvu ya kukaza, wakataka kukaza bolti za flaiwili kwa bomba na misuli. Nilikwenda kuazima kwa mtu. Pia walitaka kuirudisha sili ya nyuma ya krenki, ile ya kamba, wakati ilikuwa inalia mafuta mbele ya macho yetu. Nikagoma. Nilinunua sili, beringi ndogo ya katikati ya flaiwili na sahani za klachi, zote mbili, maana hili lina klachi ya hatua mbili. Sikuwa tayari kulipasua tena mwakani kwa kitu cha bei ya sahani ya chipsi.

Kuvisha ringi mzee alichukua elfu sitini. Vijana kupasua na kufunga, laki tatu na nusu pamoja na nauli. Klachi sitaji, mke wangu anaweza kusoma hapa.

Huu ni mwezi wa tatu sasa tangu lifungwe. Ufunguo unageuzwa mara moja, linawaka. Kifusi tumekisambaza getini, pale palipokuwa panajaa maji.