Kukiri au kuficha: penzi la siri kwa Wapuritani wa Massachusetts

Kati ya Wapuritani, Waprotestanti wakali kutoka Uingereza waliohamia Massachusetts, Marekani, aliyependa kwa siri katika karne ya 17 alipata nafuu akikiri au akinyamaza?

Tuanze na gharama. Wachumba waliowahiana kabla ya ndoa, mtoto akazaliwa mapema mno, walisimama mbele ya kanisa, wakatubu, mtoto akabatizwa. Hapo kukiri kulikuwa nafuu. Kwa aliyezini na mke wa mtu hali ilikuwa nyingine kabisa. James Britton aliugua, dhamiri ikamsuta, akajitaja mwenyewe. Mwaka 1644 akanyongwa Boston pamoja na Mary Latham, binti wa miaka kama 18 aliyeolewa na mzee. Ulimi wa Britton ndio uliowaponza wote wawili.

Na matunzo je, yaani kuishi na siri au na aibu kila siku? Siri ilisumbua, maana Mpuritani alifundishwa kuupekua moyo wake kila siku. Lakini aibu nayo ilitaka sindano: sheria ya uzinzi ya 1694 iliweka kando kitanzi, ikaagiza saa moja kwenye jukwaa la kunyongea na kamba shingoni, viboko visivyozidi 40, kisha herufi A ya inchi 2, ya rangi tofauti na vazi, ishonwe mkononi au mgongoni. Ukikutwa bila herufi hiyo, viboko tena, hadi 15. Ukibadilisha gauni, unashona upya!

Kapera na mchumba wake ningewaambia wakiri. Mume wa mtu mwenye siri isiyo na shahidi, sithubutu kumshauri. Na mwanamke aliyeshika mimba mumewe akiwa baharini hakuulizwa. Tumbo lilikiri kwa niaba yake.