Uzoefu wangu: propela ya mapanga manne kwenye boti niliyoijaza mwenyewe

Karibu mwaka mzima nililaumu mashine bure. Nilipoinunua boti yangu, mtumba wa miaka sita, ilikuwa ikikimbia maili 70 kwa saa. Msimu uliofuata ikawa inagota kwenye 64, moto wote, maji yametulia kabisa. Nikabadilisha plagi, nikabadilisha filta, mwishowe nikaipeleka kwa fundi. Akaipima, akanirudishia na bili: mashine ni nzima, ni wewe uliyeijaza boti.

Kwa wasioijua, boti ya besi ni ile ndefu, fupi kwa kimo, inayolala juu ya maji kama kandambili, na Wamarekani huitumia kuvulia samaki aitwaye besi. (Mama aliposikia kwenye simu nimenunua boti ya besi, aliuliza spika za nini majini.) Besi wenyewe si wageni kwetu: waliletwa Ziwa Naivasha kutoka Marekani mwaka 1929, na mimi nimekua nikiwala huko kabla sijajua wana mashabiki Texas. Sasa naishi saa moja na nusu kutoka Lake Fork, ziwa ambalo mwaka 1992 lilitoa besi wa ratili 18.18, rekodi ya jimbo mpaka leo. Boti ni ya futi 20, mashine nguvu farasi 225.

Baada ya kauli ya fundi nilifanya jambo ambalo ningelifanya mwanzo. Nikaivuta boti mpaka kwenye mizani ya malori, ile wanayopita madereva wa masafa marefu, nikajihisi trela pale Mariakani. Nikaipima ilivyo, nikarudi nyumbani, nikatoa kila kitu nilichoongeza tangu ninunue, nikarudi tena. Tofauti: ratili 480.

Siyo kitu kimoja. Ni nanga mbili za nguzo, zile zinazoshushwa mpaka chini ya ziwa kuishikilia boti, zilizofungwa nyuma pamoja na pampu yake, ratili 110. Ni betri mbili zaidi, kwa sababu niliachana na mota ndogo ya umeme ya mbele ya volti 24 nikachukua ya 36, na skrini za sonari, zile za kuonyesha samaki chini ya maji, zikadai betri yao. Betri ya risasi ya ukubwa huo ni ratili 62 moja. Skrini zenyewe na mabano yake, 35. Halafu masanduku ya chambo. Hapo ndipo nilipoona aibu: ratili 140 za chambo, vipande vya risasi na ndoano, nusu yake sijawahi kuvitia majini. Kilichobaki ni kamba, vifaa vya fundi na kiboksi cha barafu.

Na hapo tangi la samaki lilikuwa tupu. Galoni ya maji ina ratili 8 na ushee. Tangi langu la galoni 30 likijaa ni kama kumpakia mtu mzima wa ratili 250 ambaye hashuki. Petroli ni nyepesi kidogo, karibu ratili 6 kwa galoni.

Wavuvi wa huku husema kila ratili 100 zinakula maili moja kwa saa. Mimi nilipoteza sita kwa ratili 480, kwa hiyo kwangu kanuni hiyo ilikuwa ya huruma mno. Sababu naiona ni mahali mzigo ulipokaa. Nanga na betri zote ziko tezi, yaani nyuma, chambo chote kimejaa omo, yaani mbele. Boti hizi zikishika kasi huinua pua na kukimbia juu ya ukanda mwembamba tu chini ya mkia. Ukilemea omo, pua inashuka na mwili mwingi unaburuta maji. Ukilemea tezi, inachelewa kupanda, na ikipanda inaanza kuchupa kama pomboo. Yangu ilikuwa na magonjwa yote mawili: sekunde nane kupanda juu ya maji, badala ya nne, na kwenye maili 50 inanipigapiga kiuno.

Mjomba wangu alikuwa akipeleka watalii kuona viboko Naivasha na mashine ya farasi 40. Alikuwa na propela mbili (propela ni ile feni ya majini inayoisukuma boti, na mapanga ndiyo majani yake): moja ya siku za watu wawili, nyingine ya siku za familia nzima na vikapu vyao. Nilidhani ni ubahili wa kutunza ile nzuri. Kumbe mzee alikuwa anajua hesabu.

Propela husomwa kwa namba mbili, kipenyo na pichi. Pichi ya 25 maana yake kila mzunguko mmoja ungeisukuma boti inchi 25 mbele kama ingekuwa parafujo kwenye mbao. Maji si mbao, kwa hiyo kuna mtelezo. Kuupata: zidisha mizunguko ya mashine kwa dakika na pichi, ugawe kwa uwiano wa gia mara 1,056, upate maili kwa saa za kwenye karatasi; asilimia inayopungua kwenye kasi halisi ndiyo mtelezo. Uwiano wa gia yangu ni 1.75. Propela niliyoikuta, mapanga matatu pichi 25, siku ya kwanza ilizunguka 5,800, sawa na maili 78 za kwenye karatasi. Nikapata 70, mtelezo kama asilimia 11. Ikiwa na mzigo ilizunguka 5,450 na kufika 64, mtelezo karibu 13. Kitabu cha mashine kinataka kati ya 5,000 na 6,000 moto wote, kwa hiyo haikuwa imekosea sheria, ila ilikuwa inapanda mlima na gia ya tambarare.

Nikapata duka la propela linaloazimisha. Unaacha namba ya kadi, unachukua propela hadi tatu kwa wiki moja, ukiikwaruza umeinunua. Utaratibu huu naupenda kuliko ushauri wowote, maana kila mtu bandarini ana propela anayoiapia na hakuna hata mmoja mwenye boti iliyobeba takataka zangu.

Ya kwanza, mapanga matatu pichi 23. Kushuka inchi moja ya pichi huongeza mizunguko 150 hadi 200 hivi, na mimi niliruka zaidi kidogo ya hapo, mpaka 5,900. Kupanda juu ya maji, sekunde tano. Kasi? 64, ile ile. Mashine inapiga kelele zaidi na safari ni ile ile. Na siku ambayo nina petroli kidogo na niko peke yangu ningeipitisha 6,000. Nikairudisha siku ya pili.

Ya tatu sikuifunga hata. Mvua ilinyesha siku tatu.

Ya pili ndiyo ninayoandika habari zake: chuma cha pua, mapanga manne, pichi 24. Panga la nne hushika maji zaidi na kuinua tezi, na ndicho boti yangu ilichokuwa inalilia. Sekunde nne na nusu ikapanda. Kuchupa kukakoma siku hiyo hiyo. Kwa sababu inashika, niliweza kuinua mashine nusu inchi kwenye bamba lake la nyuma bila propela kuvuta hewa (jicho kwenye geji ya presha ya maji muda wote, ukiinua sana mashine inakosa maji ya kupozea). Mizunguko 5,600, maili 66, mtelezo asilimia 9. Kwenye kona kati ya visiki vya Fork, ambako njia ya boti ni nyembamba na miti iliyozama bado imesimama, haiachii maji kama ile ya zamani.

Hasara zipo. Boti tupu, mapanga manne yanakunyima maili moja au mbili za juu. Nilipojaribu bila mzigo nilipata 69 wakati ile ya 25 ilinipa 70. Pua nayo haiinuki kwa uhuru ule. Anayetafuta namba ya kuringia abaki na matatu.

Nilinunua iliyotumika, dola 480, dola moja kwa kila ratili nilizoongeza, sikupanga. Kilichonikera ni kwamba habu, ile bushi ya katikati inayoishika kwenye shafti, haikuwemo kwenye bei, na muuzaji aliniambia nikiwa nimeshalipa.

Miezi miwili baadaye nikatoa betri nne za risasi za mota na skrini nikaweka za lithiamu, ratili 28 moja. Ratili 136 zikaondoka tezi. Nusu ya chambo ikaenda gereji, vizito vilivyobaki nikavihamishia katikati ya boti. Propela ile ile, urefu ule ule: mizunguko 5,720, maili 67.6. Ukipiga hesabu ya dola kwa maili, gereji ilikuwa bure na ndiyo ningeanza nayo.

Jambo moja dogo: ukishavuka maili 60 boti hizi huweza kuanza kuyumba ubavu kwa ubavu, na propela mpya hubadilisha kasi ambapo inaanzia. Ile kamba ya kuzima mashine ifunge kwenye jaketi. Tangu Aprili 2021 ni sheria Marekani kwa boti za chini ya futi 26.

Ile ya 25 nimeibakiza chini ya kiti, kwa siku nitakapogonga kisiki. Kwa propela hii natoa nyota nne. Ya tano ilikwenda na habu.